Kaya zilizohitimu TASAF zifuatiliwe hata baada ya malipo kusimama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kaya zinazoondolewa katika mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kwa maelezo kwamba zimehitimu, yaani hali yake imeimarika kiasi cha kuweza kujitegemea. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sipingi wazo lenyewe, kwa kuwa fedha za umma hazitoshi wote na ni haki kaya iliyokwisha kusimama impishe mwenye shida zaidi. Ninachouliza ni nani anayerudi kupiga hodi mwaka mmoja au miwili baadaye, aone kama kaya hiyo bado imesimama.

Mwaka jana nilimtembelea bibi mmoja anayelea wajukuu watatu peke yake. Tathmini ilipofanyika, dodoso lilikuta nyumba yenye paa la bati, mbuzi wanne na kuku kadhaa, vyote vikiwa vimetokana na ruzuku aliyokuwa akiipokea kila baada ya miezi miwili na kuitumia kwa uangalifu mkubwa. Hakuna aliyedanganya siku ile. Lakini nilipofika mimi, zizi lilikuwa tupu na kipande cha kamba kingali kimefungwa kwenye nguzo. Mbuzi wawili waliuzwa mjukuu alipolazwa, wa tatu akaenda kwenye sare na madaftari, na wa mwisho aliuzwa mahindi yalipopanda bei. Bati lilikuwapo, tena safi. “Mwanangu, bati haliliwi,” aliniambia.

Dodoso lilelile likirudi leo, bati hilo litampa alama zilezile. Ndiyo maana nasema tunahitaji utafiti wa namna nyingine, unaouliza kilichouzwa, kiliuzwa lini na kwa sababu gani, badala ya kuhesabu kilichopo tu.

Uwezo wa kufanya hivyo tunao, kwani tumewahi kuufanya. Majaribio ya ruzuku yaliyofanyika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino yalihusisha vijiji 80, nusu yake vikiteuliwa kwa bahati nasibu kuanza kupokea fedha mwaka 2010, na watafiti walikwenda kwenye kaya hizo mara tatu, mwaka 2009, 2011 na 2012. Katika ziara ya pili walikuta kaya zinazopokea fedha zinakwenda zahanati zaidi. Katika ziara ya tatu mahudhurio hayo yalikuwa yamepungua, huku afya za watoto wadogo zikiwa bora zaidi na watu wengi wakiwa wamejiunga na bima ya afya ya jamii. Wangeishia ziara ya pili, tungebaki na nusu ya jibu. Awamu ya pili ya mpango, iliyozinduliwa Februari 2020, inastahili subira hiyohiyo kwa wale waliokwisha kutoka.

Kata nyingi hazina afisa ustawi wa jamii hata mmoja, kwa hiyo mzigo huu hauwezi kuachiwa halmashauri pekee. Taasisi ya Ustawi wa Jamii na vyuo vingine hupeleka wanafunzi mafunzoni kwa vitendo kila mwaka. Wakisimamiwa vyema, wanaweza kuzifuatilia kaya zilezile kwa miaka kadhaa. Waende bila kuongozana na kiongozi wa kijiji, na kabla ya swali la kwanza wamweleze mhojiwa waziwazi kwamba majibu yake hayatamrudisha kwenye orodha wala hayatamwondoa jirani yake, kwa sababu mtu anayedhani jina lake liko mezani hujibu kwa hofu au kwa tamaa. Matokeo nayo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, mbele ya waliohojiwa.

Hadi majibu hayo yapatikane, nawaomba wahusika wasiziondoe kaya za wazee wanaolea wajukuu peke yao kwa kigezo cha mali inayoweza kuuzwa yote kwa siku moja ya mnada.

Afisa Ustawi wa Jamii mstaafu,
Morogoro