Barua ya malalamiko: nyumba ya nguzo na mabati, Mapinga

Mapinga,
Bagamoyo,
Mkoa wa Pwani.
4 Agosti 2025

Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KASORO ZA NYUMBA YA NGUZO NA MABATI NILIYOJENGEWA MAPINGA, NA KUKATALIWA KWA DHAMANA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua yenu ya mwezi uliopita mnayosema kwamba kasoro nilizoripoti zinatokana na hali ya hewa ya pwani, kwa hiyo dhamana haizigusi. Naijibu kwa maandishi kwa kuwa simu zangu kwa idara ya mauzo hazijawahi kuzaa kitu zaidi ya "tunalifanyia kazi". Mkataba wetu unataja mahali kiwanja kilipo kwenye ukurasa wa kwanza, kabla hata ya bei. Mhandisi wenu alikuja kukipima, akamaliza kazi, akakaribishwa dafu kwa jirani huku upepo wa bahari ukimpiga usoni. Pwani haikuhamia kwangu baada ya nyumba kwisha.

Nilichonunua kimeandikwa: nyumba ya kuishi ya mita 9 kwa 15, nguzo 16 za mkaratusi zilizotiwa dawa, kila moja ikichimbiwa mita 1.2, kenchi (fremu za mbao za kubeba paa), mabati ya geji 28 paani na ukutani, foili ya kuzuia joto nyuma ya mabati yote, silingi bodi na sakafu ya zege. Kijitabu chenu kina picha za nyumba za Texas, na dada wa mauzo alinieleza vizuri tu kwamba mtindo huu ulianzia kwenye mabanda ya wakulima wa Marekani miaka ya 1930, nguzo zikisimikwa moja kwa moja ardhini bila msingi wa mawe, na ndiyo sababu bei inashuka chini ya nyumba ya tofali. Sina ugomvi na mtindo huo. Ila banda la trekta likitaka kuwa makazi ya watu kuna vitu huongezwa. Vitu hivyo vimo kwenye ankara yenu, nimevilipia, risiti ya EFD ninayo, na kwenye nyumba havimo.

Nianze na nguzo, maana ndizo zinazoninyima usingizi. Wakati wa kuchimba mashimo, vijana wenu walikutana na tabaka gumu la changarawe kabla ya kufika kina cha mkataba. Badala ya kuendelea na sururu, fomeni aliamuru nguzo zipunguzwe. Vichwa vilikuwa vimeshachongwa tayari kupokea kenchi, kwa hiyo wakakata vitako, yaani ncha za chini zinazoingia ardhini. Nguzo 9 kati ya 16 zimekatwa hivyo kwa msumeno wa mnyororo, mwanangu mkubwa akipiga picha bila kujua anakusanya ushahidi. Picha nimeambatanisha.

Mtu asiyejua miti ataona ni sentimita chache tu zimepotea. Lakini dawa, hata ile inayosukumwa kwa presha kwenye mitambo ya kutia nguzo dawa kule Mufindi, haifiki kwenye kiini cha mkaratusi kutokea ubavuni. Inaishia kwenye mti wa nje, ule mweupe. Kiini hupata kinga kidogo kwenye ncha tu, pale dawa inapojipenyeza kwa kufuata nyuzi za mti, na ncha hiyo ndiyo mliyoikata mkaitupa. Mafundi wa nguzo za umeme wanajua kanuni hii: ukilazimika kukata, kata juu, kisha paka dawa palipokatwa, kitako hakiguswi. Vipande vyenu vilivyobaki ninavyo stoo. Ukikishika kimoja unaona duara la kijani la dawa, upana wake wa kidole gumba, na ndani ya duara mti mwekundu mtupu. Huo mwekundu ndio mliouchimbia ardhini, Mapinga, kwenye mchwa.

Mchwa hawakuchelewa. Nguzo ya kona ya jikoni ukiigonga kwa nyundo usawa wa goti inaitika kama debe tupu. Nilifukua pembeni yake hadi kwenye kitako. Ubavuni bado ni ngumu na ukijani wake uko palepale. Bisibisi niliyoichomeka kwa chini iliingia mpaka mpini. Kijana mliyemtuma baada ya taarifa yangu alipulizia dawa ya wadudu kuzunguka nguzo zote, akapiga picha, akaondoka. Dawa ile huwazuia mchwa walio nje. Hawa wako ndani, na wanachokula ndicho kilichobeba kenchi juu ya vitanda vya watoto.

La pili ni maji. Nyinyi mnaliita kuvuja, na kila nikilalamika mnaleta fundi wa kuziba: anapanda paani, anapaka silikoni kwenye kila kichwa cha skrubu, anashuka, ananiomba nisaini fomu. Paa hilo halivuji. Mvua za masika zilipiga mpaka ndani tukawa tunaongea kwa ishara, na silingi ikabaki kavu. Maji yanadondoka alfajiri za Juni na Julai, usiku ukiwa mweupe, nyota zimejaa na wingu hakuna. Usiku wa namna hiyo bati tupu hupoteza joto lake kwenda angani na kupoa kuliko hewa iliyo chini yake. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ongeza pumzi za watu sita na mvuke wa jikoni, vyote vinapanda darini, vinagusa bati la baridi, vinageuka maji. Bati linatoka jasho. Nimepanda huko na tochi kabla ya adhana ya alfajiri nikayaona matone yamejipanga upande wa chini wa bati, yakiteleza taratibu kufuata mteremko mpaka yanapogonga papi, ile mbao ya kulala inayopigiliwa bati, hapo yanaanguka. Ndiyo maana madoa kwenye silingi bodi yamenyooka mistari, mstari mmoja kwa kila papi. Fundi wenu angetazama dari kabla ya kufungua tyubu ya silikoni angeliona hilo.

Foili mliyoiandika kwenye mkataba ndiyo kazi yake hiyo, ikifungwa vizuri na kuachiwa nafasi ya hewa, na kofia ya paa, lile bati la kileleni, ikiwa na matundu ya kutolea unyevu. Kofia mmeiziba kwa povu mwanzo hadi mwisho. Foili ipo sebuleni peke yake, yaani kwenye chumba ambacho dari yake ilifunguliwa siku ya makabidhiano ili nijionee. Nilionyeshwa, nikaridhika, nikasaini. Vyumbani, jikoni na ndani ya kuta hakuna hata kipande. Nani aliamua iishie sebuleni, hilo mtajuana ndani ya kampuni. Mimi nimelipia nyumba nzima.

Mchana kasoro hiyohiyo inageuka joto. Mama yangu, ambaye nyumba hii ilijengwa kwa ajili yake hasa, ikifika saa tano asubuhi anabeba mkeka wake kwenda chini ya mwembe na harudi mpaka alasiri. Ameshaacha kulalamika, na hilo linaniuma kuliko angelalamika.

Kuhusu unene wa mabati sina haja ya kubishana, bati lenyewe linasema. La paani limepigwa chapa ya geji 28. Ya ukutani, ukisoma maandishi ya upande wa ndani pale stoo ambako hamkuweka bodi, ni geji 30. Wateja wengi hawajui kwamba namba ikipanda unene unashuka, na nashawishika kuamini kuna mtu alilitegemea hilo. Rangi ni moja, migongo ni ileile, tofauti unaiona mtoto anapoegemea baiskeli.

Kutu nayo ina maelezo yake, na chumvi ni sehemu tu. Mabati yalikatwa kwa grainda badala ya mkasi wa bati. Cheche zile huunguza madini yanayolilinda bati pale linapokatwa, na chenga za moto zikiangukia bati la jirani zinaganda na kuanza kutu zenyewe. Vidoa vya kahawia viko kwenye kingo zilizokatwa na chini ya madirisha, kwingine hakuna. Halafu mlipomaliza sakafu mkapandisha saruji mbichi juu ya ukingo wa chini wa ukuta, na mabati haya yenye aluminiamu hayapatani na saruji mbichi. Ukingo huo sasa unabanduka unga mweupe.

Umeme nauweka mwisho ingawa ndio unaotakiwa kushughulikiwa kwanza. Nyaya zimepitishwa kwenye matundu ya bati bila bomba wala raba ya kuzuia makali, na kuta hazikuunganishwa na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Waya ukichunika, ukuta mzima una umeme. Fundi niliyemwita mwenyewe amezima laini ya vyumba viwili mpaka irekebishwe, na taarifa yake imeambatanishwa.

Kwa hiyo naomba, na kwa barua hii nadai, yafuatayo. Ndani ya siku 7 mlete fundi umeme mwenye leseni aweke nyaya kwenye mabomba na kuunganisha kuta na ethi. Ndani ya siku 14 mlete mhandisi, si fundi wa kuziba, akague kila nguzo mbele yangu na mbele ya mtaalamu nitakayemchagua. Nguzo 9 zilizokatwa zibadilishwe zote, si ile ya jikoni peke yake, paa likiwa limeshikiliwa kwa mihimili ya muda, na gharama ya familia yangu kupanga kwingine wakati wa kazi hiyo iwe yenu. Foili ifungwe palipobaki, kofia ifunguliwe hewa, silingi bodi zilizoharibika zibadilishwe. Mabati ya ukutani yabadilishwe kuwa ya geji 28, au mnirudishie tofauti ya bei pamoja na gharama ya kuondoa ile saruji. Awamu ya mwisho ya malipo, asilimia 10, ninayo benki na itakaa huko mpaka kazi ikamilike.

Mkiniandikia tena habari za hali ya hewa, sitajibu. Nitapeleka jalada hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kijitabu chenu kitazungumza chenyewe. Nitalipeleka pia Bodi ya Usajili wa Makandarasi, nikiomba wanisaidie kujua namba yenu ya usajili, maana muda wote wa ujenzi hakuna kibao kilichosimamishwa kwenye saiti. Wakili wangu amenieleza pia kwamba chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi akishamjulisha muuzaji bidhaa ni ya kazi gani na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Niliwajulisha. Imeandikwa "nyumba ya kuishi".

Mhandisi atakayekuja anipigie siku moja kabla ili nifungue stoo. Vipande vya nguzo havitatoka hapo bila hati ya makabidhiano yenye saini zetu wote wawili.

Wenu katika mkataba,

(Saini)
Mteja, nyumba ya Mapinga

Viambatanisho: nakala ya mkataba na risiti, picha za ukataji wa nguzo, picha za dari na chapa za mabati, taarifa ya fundi umeme.

Nakala: Wakili wa mteja.