Joistiki za zamani: kabla ya kuagiza kipuri, tuambie unayo ipi

Ujumbe tunaoupata mara kwa mara ni huu: "Joistiki yangu ya Atari haiendi kushoto, nitumieni kipuri." Nasi huuliza: ipi? Wengine swali hilo huwaudhi, maana kwa macho zote ni kisanduku cheusi chenye fimbo katikati na kitufe chekundu kwenye kona.

Ndani ni mambo mengine kabisa. Atari 2600, mashine ya michezo ya video, ilipotoka mwaka 1977 ilikuja na joistiki ya CX10, yenye springi ndani. Mwaka uliofuata ikaingia CX40, iliyo rahisi zaidi kuunda: badala ya springi za fimbo kuna vibati vyembamba vya chuma, vimebinuka juu ya bodi ya saketi. Ukiinamisha fimbo, kibati kinabonyea na kufunga saketi ya upande huo. Kikichafuka au kikichoka, upande huo unakufa, na mara nyingi kuusafisha kwa spiriti kunatosha. Plastiki ya ndani inayoshika fimbo ikipasuka, hapo ni kubadilisha tu. Lakini bodi ya CX40 usiitafutie nafasi ndani ya CX10; haikuundwa kwa ajili yake. Kwetu sisi CX10 ni tamu zaidi mkononi, ila kwa vipuri CX40 haina usumbufu.

Joistiki ya Atari 5200, ya mwaka 1982, hutuletea kazi ya ajabu: mtu anataka tutengeneze kitu ambacho hakijaharibika. Fimbo yake ukiiachia hairudi katikati vizuri, na ndivyo ilivyoundwa, haina springi ya kuirudisha. (Michezo mingi iliteseka kwa uamuzi huo.) Kinachoharibika kweli humo ni vitufe, kwa sababu miguso yake ya kaboni huacha kupitisha umeme.

Joistiki ya mashine ya Nintendo 64 ikilegea, basi imelegea kweli. Mwendo wake husomwa kwa mwanga unaopita kwenye magurudumu madogo yenye matundu, na sehemu hiyo hudumu. Plastiki ya chini ya fimbo ndiyo inayosagana mpaka ikatoa unga mweupe. Kuusafisha unga hakurudishi plastiki iliyokwisha.

Jambo moja kuhusu plagi ya pini 9. Joistiki ya Atari 2600 inafanya kazi pia kwenye kompyuta ya Commodore 64. Kidhibiti cha Sega Mega Drive kinaingia vilevile, lakini mpangilio wa waya zake ni tofauti na kinaweza kuunguza chipu ya kompyuta hiyo. Usikijaribu.

Kwa hiyo ukituandikia, ambatisha picha ya juu, ya chini na ya plagi. Kama unaweza kufungua skrubu za chini, piga na ya ndani. Hiyo moja hutupa jibu haraka kuliko zote.