Warusha nyundo waachiwe buti zao za bapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuhusu ile picha mliyotoa ya jamaa kavaa kilti, ile sketi ya kiume ya Kiskoti, na buti zenye chuma kimechomoza mbele ya vidole. Yeye alisema hivyo ni visu vya miguuni, na kwamba mchezo unaomruhusu mtu ajipigilie ardhini kwa chuma si mchezo tena bali ni ujanja, marefa wangekuwa makini wangevipiga marufuku. Sina ugomvi nae, picha peke yake inashtua kweli, lakini mimi naishi huku Aberdeen, kaskazini mashariki mwa Uskoti, na kila kiangazi nashinda kwenye viwanja vya haya mashindano ya jadi ya Kiskoti yanayoitwa Highland Games nasaidia kupima umbali na kuwarudishia warushaji nyundo zao, na katika michezo yote ya hawa wenye nguvu, gogo, mawe, mizigo, nyundo ndo naipenda kuliko vyote, kwahiyo kunyamaza nimeshindwa.

Kwanza tuelewane ni nyundo ipi, maana hapo ndo wengi wanachanganya. Ile ya Olimpiki ni tufe lenye waya na mshikio, mrushaji anaingia kwenye duara la saruji lenye kipenyo cha mita 2.135 anazunguka mwili mzima mara tatu au nne ndo anaachia, na ndo hiyo Yuriy Sedykh wa Umoja wa Kisovieti aliirusha mita 86.74 kule Stuttgart mwaka 1986 na mpaka leo hakuna aliyeivunja hiyo rekodi. Nyundo ya Kiskoti ni ndugu yake mkubwa lakini inarushwa kivingine kabisa. Tufe limechomekwa kwenye mpini mnyoofu, zamani wa mti au henzirani, siku hizi wengi wanatumia plastiki ngumu, na urefu wote ni kama mita moja na robo. Wanaume wana ya ratili 16, yaani kilo 7.26, na ya ratili 22 ambayo inakaribia kilo 10, wanawake wana ya ratili 12 na ya 16. Hakuna duara, na mwili hauzunguki. Unasimama umeupa mgongo upande unaotaka nyundo iende, nyuma yako kuna ubao wa kikomo umelazwa chini, unaizungusha nyundo kichwani mara mbili tatu huku miguu imetulia palepale, alafu unaiachia ipite juu ya bega. Mguu ukisogea kabla nyundo haijatoka mkononi, au ukivuka ule ubao, rusho limekufa na halihesabiwi.

Sasa msomaji mwenzangu naomba upige hesabu na mimi kidogo. Nyundo ya kilo 7 na ushee ili ifike mita 45 lazima itoke mkononi kwa mwendo wa kama mita 21 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya kilomita 75 kwa saa, mwendo wa gari kwenye barabara kuu. Ukichukua urefu wa mpini ukajumlisha na mikono, tufe linazunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha kama mita 1.8, kwahiyo ule mzunguko wa mwisho linamvuta mrushaji kwa nguvu ya kama kilo 170 mpaka 180. Huyo mtu mwenyewe ni mzito, tuseme ana kilo 120, lakini anavutwa na kitu chenye nguvu kuliko uzito wake, akiwa kasimama kwenye nyasi ambazo huku Uskoti mara nyingi zimelowa mvua tangu asubuhi. Anafanyaje asiburuzwe? Anaegemea upande wa pili, makalio yanashuka, mikono inanyooka mpaka mwisho, kama mtu anayemzuia dume la ng'ombe kwa kamba. Kuegemea huko ndo ufundi wenyewe wa nyundo ya Kiskoti. Kadiri unavyoegemea ndo mikono inazidi kunyooka, mduara unakuwa mpana na tufe linapata mwendo. Na huwezi kuegemea kama miguu haina pa kushika, utateleza tu ulale chali na nyundo iende inakotaka yenyewe.

Hapo ndo yale mabapa yanapoingia. Ukiyaona kwa karibu hayana kitu cha ajabu. Ni buti za kazi za kawaida, zile ngumu za kufunga kamba mpaka juu ya kifundo, chini ya soli pamefungwa kipande cha chuma bapa kwa bolti na nati, chuma kinatokeza mbele ya kidole gumba na kimeinamishwa kidogo kuelekea chini. Wengi wanatengenezewa na fundi wa kuchomelea mtaani kwao au wanajitengenezea wenyewe gereji, ndo maana hukuti jozi mbili zinazofanana. Zamu yake ikifika mrushaji anasogea mpaka kwenye ubao, anageuka, anainua mguu wa kwanza anapiga ncha kwenye udongo kwa nguvu, anakanyaga mpaka soli ilale sawa na nyasi, anafanya hivyohivyo na mguu wa pili, anajitingisha kidogo kuona kama imeshika. Kama haijashika anachomoa anapiga tena pembeni. Mikononi anajipaka gundi ya mti ili mpini usimponyoke. Hii shughuli ya kuchimba miguu inaweza kuchukua muda kuliko rusho lenyewe na watazamaji wageni hapo huwa wanaongea na simu, wakati mimi nakuhakikishia ukitaka kujua nani atashinda siku hiyo angalia miguu inavyochimbwa. Aliyepiga kijuujuu utamuona mzunguko wa pili tu kisigino kinanyanyuka, na mtu kisigino kikishanyanyuka anaacha kuegemea anaanza kujiokoa asianguke.

Na usifikiri kuchimba ndo kazi imeisha. Udongo ni mwalimu mkali. Mwaka wa mvua nyingi bapa linaingia kama kwenye siagi lakini linatoka hivyohivyo, tope halishiki kitu, warushaji wanahangaika kutafuta sehemu ambayo wenzao hawajaitoboa. Marekani kwenye michezo ya majimbo ya joto wana tatizo la upande mwingine, ardhi imekauka imekuwa kama tofali na bapa linagonga linarudi, kwahiyo buti hizohizo kuna siku zinakusaidia na kuna siku unakosa pa kuziingiza. Anayesema bapa linarusha nyundo badala ya mtu namuomba avae ajaribu kuegemea mara moja tu nyundo ikiwa kwenye mwendo, mgongo na mapaja yake yatampa jibu.

Kuhusu huo ujanja sasa. Ndugu yangu, mchezaji mpira anavaa viatu vya njumu na hakuna anayesema kadanganya, bila njumu kona zote angekuwa anaanguka. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 alikuwa na spaiki miguuni kama wenzake wote kwenye ule mstari. Julius Yego alikuja hapahapa Uskoti mwaka 2014 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akachukua dhahabu ya mkuki pale Hampden Park, Glasgow, na viatu vya mkuki vina meno mpaka kisiginoni kwasababu ule mguu wa mbele lazima ukae breki kamili mkuki ukiondoka. Wale wa nyundo ya Olimpiki wao wanavaa soli laini kabisa isiyo na jino hata moja kwasababu kazi yao ni kuzunguka kwenye saruji. Kila mrusho una kiatu chake kinachofuata kazi ya mguu. Nyundo ya Kiskoti inakataza mguu kusogea, sasa kiatu chake kiwe cha namna gani kama si cha kuufunga mguu ardhini? Haki inavunjika pale mmoja anaporuhusiwa na mwingine ananyimwa, na hapa sheria ni moja kwa wote walioko uwanjani, anayetaka kurusha bila bapa anarusha na anayetaka kuvaa anavaa.

Hofu ya hatari naielewa zaidi na hiyo sitaki kuipita haraka. Hatari ya kwanza ya mchezo huu ni nyundo, buti zinafuata mbali sana. Tufe la kilo 7 likienda pembeni kwa mwendo ule haliangalii nani kasimama wapi, ndo maana tunaweka nyavu, tunasogeza watu mbali, na sisi tunaofanya kazi uwanjani hatuipi nyundo mgongo hata sekunde moja. Sasa nyundo inaenda pembeni lini? Mpini ukivunjika, mkono ukiponyoka, au mguu ukiteleza katikati ya mzunguko. Hiyo ya tatu ndo bapa linaizuia. Kwahiyo huyo anayetaka yapigwe marufuku kwa ajili ya usalama wa watazamaji anaomba kinyume cha anachokitaka, mimi niliyesimama pale na utepe wa kupimia namtaka mrushaji aliyeshika ardhi vizuri kuliko mtu yeyote.

Ila kweli yapo ya kuangalia. Bapa ni chuma na kuna mtu atakanyagwa kama watu hawana adabu, kwahiyo zivaliwe ukikaribia zamu na zivuliwe ukimaliza, sio mtu anatembea nazo kwenye hema la chai watoto wamejaa. Bolti zikaguliwe asubuhi kabla mashindano hayajaanza kama mipini inavyokaguliwa. Na magoti, hapa nawaomba wanaoanza wanisikilize, mguu uliofungwa ardhini hauna pa kwenda mwili ukijipinda vibaya, kwahiyo ile nguvu yote inaishia kwenye goti na kiuno. Anayeanza aanze na nyundo nyepesi na viatu vya kawaida kwanza, ajifunze kuizungusha polepole na kuegemea kidogokidogo mpaka mwili uelewe, bapa lije baadae. Wazoefu ninaowaona huku wengi wanasema hivyohivyo kwa vijana wao.

Pia nimuombe msomaji mwenzangu asiuchukulie huu mchezo kama kiroja cha watu wa kilti. Mashindano ya namna hii ya Braemar, kijiji cha hukuhuku Aberdeenshire, ambayo familia ya kifalme ya Uingereza inahudhuria Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, Malkia Victoria alianza kuihudhuria mwaka 1848. Donald Dinnie, mtu wa hukuhuku Aberdeenshire aliyezaliwa 1837, alizunguka Marekani, Australia na New Zealand akilipwa kwa nguvu zake wakati ambao wanamichezo wengi duniani walikuwa hawajui kama mchezo unaweza kuwa kazi. Na Bill Anderson, huyu nae wa upande wetu huu, mwaka 1969 aliirusha nyundo ya ratili 16 zaidi ya futi 150, yaani kupita mita 45, na hiyo hesabu niliyopiga pale juu nilikuwa namfikiria yeye. Alifariki 2019 na wazee wa viwanjani mpaka leo ukitaja nyundo jina la kwanza wanalolitoa ni lake. Hata hiyo ya Olimpiki mizizi yake iko huku na Ireland, John Flanagan aliyeshinda dhahabu mara tatu, 1900, 1904 na 1908, alikuwa Muairishi aliyehamia Marekani.

Kuna sehemu moja nakubaliana kabisa na yule msomaji ingawa yeye hakuitaja hivi. Mtu mgeni, hasa kijana mhamiaji ambaye hana baba wala mjomba aliyerusha, anakuja na viatu vyake vya mazoezi anasimama kwenye ubao uleule na mtu mwenye buti za bapa na anaachwa mita kadhaa, sio kwasababu hana nguvu ila miguu yake inateleza. Nimewaona vijana wenye mabega ya ajabu wamejaribu mara moja wakakata tamaa hawakurudi, na wengine ni wa kwetu Afrika Mashariki wanaosoma vyuo vya huku. Hilo ndo la kulalamikia. Dawa yake sio kumvua mzoefu buti zake, dawa ni waandaaji wawe na jozi chache za kuazimisha kwenye kundi la wanaoanza, saizi ya 8 mpaka 13 hivi, pamoja na mtu mzima mmoja wa kuwaonyesha jinsi ya kupiga ncha na kukanyaga. Sio gharama kubwa, buti kuukuu zipo, fundi yupo, chuma kipo. Kwenye kiwanja ninachosaidia mimi nimeshawaomba na wamesema watalijadili kabla ya msimu ujao, nitawakumbusha.

Na nyie Mhariri mkipata tena picha za haya mashindano naomba mtoe mbili, moja ya buti na nyingine ya mrushaji akiwa ameegemea nyundo iko upande wa pili mikono imenyooka, wasomaji wataelewa bila kuelezwa na mtu.

Msomaji wenu,
Aberdeen, Uskoti