Bakapu zisifutwe kwa kuangalia umri peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaotunza seva za Saccos, shule na zahanati. Skripti nyingi za bakapu (nakala za akiba) huishia na amri hii ya kufuta faili zilizopita siku 30, ikipigwa na cron, programu ya kuendesha amri kwa ratiba, saa nane usiku:

find /bakapu -name "*.sql.gz" -mtime +30 -delete

Diski haijai, kila mtu anaridhika. Sasa nywila ya hifadhidata ibadilishwe na skripti isahaulike. Bakapu mpya hazipatikani tena, ila ufutaji unaendelea vilevile. Baada ya mwezi na siku chache, bakapu ya mwisho iliyo salama imeondoka. Ubaya zaidi, folda haionekani tupu: mysqldump (programu inayotoa nakala ya hifadhidata) inaposhindwa huku imeunganishwa na gzip (inayoibana nakala hiyo), faili huundwa hata hivyo, yenye tarehe sahihi na ukubwa wa baiti 20. Gzip imemaliza salama, basi skripti inaripoti mafanikio.

Kwa hiyo skripti ya bash ianze na set -eo pipefail, isimame mysqldump ikikwama. Bakapu iandikwe kwanza kwa jina la muda, kisha ikaguliwe. Kupima uzima wa faili kwa gzip -t peke yake hakutoshi, maana hata ile ya baiti 20 hupita. Fungua mkia wa faili utafute maneno “Dump completed”, ambayo mysqldump huyaandika mwishoni ikimaliza kazi. Yakiwepo, faili ipewe jina lake halisi, na hapo tu ndipo za zamani ziguswe.

Katika kufuta, hesabuni idadi badala ya umri: 7 za kila siku, 4 za wiki, 12 za mwezi. Hizo ni 23 tu, na zinarudi nyuma mwaka mzima. Restic, programu ya kutunza bakapu, hulifanya hili yenyewe:

restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune

Yenyewe huhesabu siku zenye bakapu tu, hivyo bakapu zikikoma, za zamani hubaki. Mara ya kwanza ongezeni --dry-run muone kitakachoondoka.

Tahadhari mbili. Ndani ya crontab (faili la ratiba ya cron) alama ya % hukata amri, hivyo amri ya tarehe, date +%F, iandikwe date +\%F. Na katika find, -delete ikae mwisho kabisa. Ikitangulia masharti, inafuta kila kitu kilichomo.

Kisha kila robo mwaka rudisheni bakapu moja kwenye mashine nyingine, mhesabu miamala ya siku ya mwisho mkilinganisha na daftari la mhasibu.

Msimamizi wa seva,
Morogoro