Mtoto mkimya si mgonjwa

Mhariri,

Makala yenu ya malezi iliyotoka juma lililopita iliwataka wazazi wenye watoto wakimya wawasukume wachangamke, kwa hoja kwamba ukimya ni dalili ya msononeko. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya sekondari, na ushauri huo unanitia hofu. Wapo watoto utakaowaumiza, na wapo wengine, wanaohitaji msaada kwelikweli, watakaopitwa kwa sababu tu wanacheka.

Sikatai kwamba hulka ya mtu ina uzito katika afya ya nafsi yake. Mwaka 1980 wanasaikolojia Paul Costa na Robert McCrae walionyesha kuwa watu wachangamfu ndio huwa na hisia za furaha zaidi. Lakini waliona pia jambo ambalo makala yenu haikuligusa: hisia za majonzi na hofu hufuatana na hulka nyingine kabisa, nayo ni wepesi wa kuhangaika. Mtu anaweza kuwa mkimya na moyo wake umetulia. Anaweza pia kuwa mcheshi wa darasa zima na usiku hapati usingizi.

Ninao wote wawili. Msichana mmoja hukaa karibu na dirisha, hasemi mpaka aulizwe, na rafiki yake ni mmoja tu. Walimu wenzangu walimhofia, nikamwita. Alinieleza bila papara anachotaka kusomea, hesabu zipi zinamshinda na nani humsaidia. Kinachomkera ni kuambiwa kila mara "changamka, basi!" Carol Ryff, aliyeuchambua ustawi wa nafsi mwaka 1989, alitaja mambo sita: kujikubali, uhusiano mwema na wengine, kujiamulia, kuyamudu mazingira, kuwa na lengo maishani na kuendelea kukua. Uchangamfu haumo.

Mvulana ninayemsema ndiye huongoza nyimbo kwenye mahafali. Siku moja alinisalimu uwanjani, kelele zikaimeza sauti yake. Kesho yake akaniletea barua ya kuomba radhi, imeandikwa na kufutwa mpaka karatasi ikatoboka, akitaka kujua amenikosea nini. Tulipoketi nikagundua ndivyo anavyoishi: kila alama ya mtihani, kila jicho la mwenzake, kwake ni hukumu. Hakuna mtu aliyewahi kumleta kwangu.

Huyu naye asiambiwe kwamba ndivyo alivyozaliwa. Kurithi kupo, na tafiti za mapacha zinahusisha urithi na karibu nusu ya tofauti za hulka baina ya watu, lakini hulka hubadilika. Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti zaidi ya 200 za tiba na afua nyingine. Kati ya hulka zote, wepesi wa kuhangaika ndio uliopungua zaidi, na matibabu yalichukua wastani wa wiki 24 tu.

Naomba ukurasa wenu wa malezi uwaeleze wazazi dalili za kutazama: mtoto anayeuliza jambo lilelile tena na tena ili ahakikishiwe, anayeumwa tumbo kila mtihani unapokaribia, anayekesha akirudia kichwani maneno aliyoyasema mchana. Na wale wenye mtoto mkimya anayelala vizuri, anayekula na aliye na mtu wa kumweleza ya moyoni, waandikieni waziwazi kwamba mtoto wao hana la kutibiwa.

Mwalimu wa ushauri nasaha