Shingo ya twiga inatuambia kitu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila ikitajwa evolusheni, yaani viumbe kubadilika polepole kizazi hadi kizazi, watu wanakimbilia swali lile lile, eti kama tulitoka kwa nyani mbona nyani bado wapo, wakati hakuna mwanasayansi anayesema tulitoka kwa nyani wa leo, wanachosema ni kwamba sisi na wao tuna mababu wamoja wa zamani sana, kama binamu walivyo na babu mmoja.

Ushahidi uko mwilini kabisa. Twiga na urefu wake wote ule ana mifupa 7 ya shingo, na wewe unayesoma hapa unayo 7, na panya naye 7! Halafu kuna ile neva (uzi wa kupeleka taarifa mwilini) ya kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, inatoka kwenye ubongo inashuka mpaka kifuani, ile ya kushoto inazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo ndo inapanda tena kurudi kooni. Kwa twiga hiyo safari ni mita kama 4 hivi, na zoloto lenyewe liko karibu tu na ubongo. Kwa samaki neva ya aina hiyo inaenda moja kwa moja kwenye matamvua maana hana shingo, shingo zilipokuja kurefuka kwa wanyama wengine neva ikawa imeshanasa nyuma ya mshipa ikabidi ivutike tu.

Nyangumi nao wana vifupa vya nyonga na miguu ya nyuma hawana, ni masalio ya mababu zao waliokuwa na miguu. Naomba walimu wawaonyeshe watoto mifupa hii, wasiishie kukariri majina.

Msomaji wenu