Barua kwa Mwanangu: Pampu Usiiache Ukaondoka

Wete, Pemba

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Sisi hatujambo. Bibi yako macho yanamsumbua lakini anakula. Nakuandikia kwa sababu jana kwenye simu nilipaza sauti nawe ukanyamaza, na mimi nakujua, ukinyamaza umeshaamua. Umesema Alkhamisi unavuka kwenda Dar na pampu ya dizeli ya lori letu la Bedford, utamwachia yule fundi wa Gerezani, urudi kazini Unguja, naye atakupigia ikiwa tayari. Hapo kwenye kumwachia ndipo usingizi wangu ulipokatika.

Usimwachie. Kaa naye mpaka aifunge.

Mambo ya babu yako na gari lile unayajua, sirudii. Ninalotaka ulishike ni kuwa pampu ile hatuna ya pili. Malori haya ya Bedford ya aina ya J yalianza kutoka Uingereza mwaka 1958, na kiwanda chao cha Dunstable kiliuzwa 1987, wewe hujazaliwa. Hakuna wakala wa kumwendea ukamwambia nipe nyengine. Vilivyobaki ni vyuma vilivyomo ndani ya magari yenyewe, na vile vinavyochongwa Pakistan, ambako Bedford bado zinabeba mizigo, zimechorwa maua na ndege kila ubavu. Ringi, gasketi na mipira ya Pakistan sina neno, agiza. Pampu ni yetu hii hii.

Simtukani fundi wako. Tena kumpata umempata wewe, kwa kuuliza garaji hadi garaji, na wanaume waliokwambia gari hilo likatwe liuzwe chuma chakavu umewaacha wanasema. Nimewasimulia wazee barazani mara mbili, mara ya pili hakuna aliyeniuliza. Lakini fundi mwenye sifa ana pampu nyingi mezani, ya Isuzu, ya Fuso, ya trekta la mtu, zote matumbo nje. Pampu yetu ina plunja sita, vile vijiti vya chuma vinavyosukuma dizeli, moja kwa kila silinda ya injini, na kila plunja imesagwa na silinda yake ndogo mpaka wameshikana kama mtu na kivuli chake. Hazibadilishwi. Kijana wa garaji akizimwaga zote kwenye bakuli moja la dizeli akaja kuzirudisha kwa kubahatisha, dizeli itapita pembeni, gari litatoa moshi na halitakuwa na nguvu, na hakuna atakayejua kwa nini. Yeye hatakwambia. Ndiyo maana nataka uwe umesimama pale. Umesoma chuo cha ufundi cha Karume, pale Mbweni, unajua kuuliza. Uliza na utazame mikono yake, mdomo mwache.

Na hapa nyumbani pia usiifungue kwa pupa. Kabla hujalegeza bolti, piga mstari kwa patasi, mmoja unaokata pampu na kiti chake, ili ikirudi irudi pale pale. Bati lililopigiliwa ubavuni lisafishe kwa dizeli na kitambaa, usilikwangue, unakili namba zote kwenye daftari, usizitegemee picha za simu peke yake. Matundu ya mabomba yazibe kwa nailoni safi, chembe moja ya mchanga inatosha kuikwaruza plunja. Na kwenye boti iweke mapajani. Usiipeleke chini kwenye mizigo, kule maji ya chumvi yanaingia.

Spana chukua zile za inchi zilizo kwenye sanduku la babu yako. Spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi utaona kama inakaa, kumbe nusu inchi ni milimita 12.7, na huo upenyo mdogo ndio unaokula pembe. Utaziona nati za mabomba zilivyoliwa. Ami yako hakuzigusa.

Na kwa kuwa nimemtaja ami yako. Gari liliposhika magurudumu pale kwenye mteremko, likasukumwa mpaka chini ya mwembe na halikutoka tena, watu walisema ni yeye aliyekuwa analiendesha na yeye ndiye aliyeliua. Utakapofungua silinda za breki utakuta mipira imevimba. Mipira ile haivimbi kwa uzee, inavimba kwa oili ya injini. Mafuta ya breki yalikuwa hayapatikani siku ile, karafuu zilikuwa zimejaa majamvini na mawingu yanakuja. Aliyetia kwenye kikopo cha breki si aliyekuwa kwenye usukani. Mimi na yeye tunasali msikiti mmoja na hajawahi kuniuliza. Basi mipira yote itolewe, usibakishe hata mmoja, na mabomba ya breki yasafishwe kwa spiriti kabla ya kutiwa mafuta mapya.

Yeye ami yako anasema tutie injini ya Isuzu tupumzike. Litatembea, sikatai, na wengi wamefanya hivyo. Mimi nataka kusikia sauti ile ile kabla sijafa. Najua si hoja ya fundi.

Bodi usiihangaikie. Mbao ni kazi ya maseremala wa hapa, na nimeshaweka mvule dari ya banda, umekauka vizuri. Paa la banda lenyewe linavuja upande wa choo, na mdogo wako ameahidi kulipanda tangu mwezi wa Ramadhani. Ada yake ya skuli nimelipa nusu. Karafuu zimeanza kuonyesha wekundu upande wa bonde, lakini wachumaji mwaka huu wanataka bei ambayo sijui nitaitoa wapi. Mbuzi amezaa, wawili, mmoja dhaifu, bibi yako anamnywesha kwa chupa.

Ruhusa ya kazini najua ni tabu. Lakini shangazi yako wa Temeke ana chumba, nimeshamwambia, anakungoja, na nauli ya siku hizo pamoja na chakula nitakutumia kwenye simu Jumatano. Ni pesa za karafuu za msimu uliopita, si za kukopa, usiulize. Fundi akisema kazi ni ya siku tatu, kaa tatu. Akisema wiki, irudishe pampu Temeke kila jioni, ilale chini ya kitanda chako. Ataona unamdharau. Mwambie ni baba yangu, mzee mkaidi wa Pemba, niwekee mimi lawama.

Ovaroli yako ile ya buluu uliyoiacha mwaka juzi, siku niliyosema maneno kuhusu mtoto wa kike na grisi, mama yako ameifua na mimi nimepeleka ikashonwa kifungo na mfuko. Nimempa mtu wa boti ya kesho pamoja na barua hii. Ivae ukienda Gerezani.

Ukirudi nunua dawa ya macho ya bibi, ile ya kikopo cheupe, hapa imekwisha. Na ukishafika kwa fundi nipigie, nizungumze naye mwenyewe. Nitasema polepole.

Baba yako